Roda Nne za Bwana Kitabu

Enzi za Mdachi, karibu na mto Nduruma, aliishi mlowezi mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kitabu, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo bila kulisoma kwanza, wala hakuwahi kulisoma jambo akalielewa. Mipaka ya shamba lake aliichora mwenyewe kwa kunyoosha kidole. Ng'ombe wa Resiato, mwekundu mwenye baka jeupe pajani, hakuwa na habari za kidole hicho. Akavuka, akakamatwa, akawa ng'ombe wa shamba.

Resiato alikuwa mama wa Kiarusha asiye na mume wala ng'ombe mwingine anayekamuliwa. Binti yake Namelok alikuwa amejifungua mapacha, na maziwa ya kifua yalimtosha mmoja tu. Yule wa pili aliishi kwa ng'ombe huyo. Asubuhi ile ile Resiato akaenda kuomba.

"Sawa," alisema Bwana, kwa ukarimu wa mtu anayegawa mali ya mwenzake. "Wewe mama utafanya kazi ya jibini. Siku nitakayopata jibini moja ngumu ya kumpa Bwana Mkubwa wa Boma, utachukua ng'ombe. Mpaka siku hiyo utapewa kibuyu kimoja cha maziwa."

Kibuyu chenyewe kilikuwa kidogo, na mtoto alikuwa akikonda.

Jibini haina siri kubwa. Maziwa yaliyoganda hufungwa kwa kitambaa, hutiwa kwenye chombo cha mbao chenye matundu, hukandamizwa mpaka maji yatoke. Kukandamiza ndiko kulikomshinda Bwana. Aliweka ubao mrefu juu ya mfuniko wa chombo, ncha moja imeshikwa na ukuta. Ncha ya pili aliifunga kamba, akaishusha kamba hadi kwenye roda, yaani kigurudumu chenye mfereji, iliyopigiliwa sakafuni, akaipandisha ikapita kwenye roda nyingine juu ya boriti, mwisho akaning'iniza jiwe.

Kitabu kilisema roda huongeza nguvu. Jibini ya kwanza ilipotoka teketeke, Bwana akaongeza roda nyingine kwenye boriti. Ya pili ilipochacha, akaongeza nyingine. Pamoja na ile ya sakafuni zikawa nne, zikizunguka vizuri mno bila kusaidia chochote. Jiwe lilikuwa moja na ubao ulivutwa kwa uzito wa jiwe moja, hata kama angepigilia roda kwenye maboriti yote mpaka Terrat.

Resiato hakujua kusoma. Alijua kufunga mizigo juu ya punda. Ukivuta ukanda moja kwa moja, mzigo unalegea hujafika hata Tengeru. Ukiupitisha ukanda kwenye kitanzi kilicho kwenye mzigo wenyewe kisha ukaurudisha, unabana mara mbili, ila utavuta ukanda mrefu zaidi. Hilo kila msichana wa kwao alilijua.

Siku Bwana alipokwenda Boma, Resiato alimwita Eliasi, mpishi wa Kimeru, amshikie ngazi. Akang'oa roda moja kwenye boriti, akaifunga kwenye ncha ya ubao. Ncha ya kamba iliyokuwa imefungwa kwenye ubao akaifunga sakafuni, akaipandisha kamba juu ya roda hiyo, akairudisha chini, kisha ikaendelea na safari yake hadi kwenye jiwe. Sasa ubao ulivutwa na kamba mbili. Uliposhuka shubiri moja, jiwe lilishuka mbili, na maji yakatiririka mpaka mlangoni.

"Yeyo, mama, atajua," alinong'ona Eliasi.

"Hatajua. Atahesabu."

Bwana alirudi, akahesabu. Nne. Akaridhika.

Jibini ilipokomaa, Bwana Mkubwa alikata kipande, akatafuna, akakata kingine bila kuombwa. Resiato alikuwa amekuja na kamba ya kumfungia ng'ombe wake.

"Ng'ombe gani?" Bwana alishangaa. "Aliyetoa jibini hii? Mama, huna akili? Huyo haondoki."

Resiato alihisi hasira mpaka meno yakamuuma. Alifikiria kupiga kelele, akamfikiria mtoto, akaikunja kamba yake. Bwana alipolala mchana, alipanda ngazi akairudisha roda kwenye boriti, na kamba akaifunga kwenye ubao kama ilivyokuwa.

Jibini iliyofuata ikatoka teketeke. Iliyofuata ikachacha. Ya tatu ilipelekwa Boma ikarudishwa siku hiyo hiyo, pamoja na barua ambayo Bwana aliisoma na, kwa mara ya kwanza, akaielewa. Akakimbilia kwenye mtambo. Akahesabu roda: nne. Akafungua kitabu: hakikubadilika. Kwa mtu msomi, aliyebaki kulaumiwa alikuwa mmoja tu.

"Ng'ombe wako ameharibika!" alifoka. "Maziwa yake ni maji matupu. Mwondoe hapa asije akaambukiza wengine!"

"Jamani, Bwana," Resiato alisema kwa huzuni kubwa, huku mikono yake ikiwa imeshafunga kamba shingoni mwa ng'ombe.

"Na usiseme sikutimiza ahadi. Nilisema utampata, umempata."

Resiato akashukuru. Alishukuru mara tatu, akiwa ameinamisha kichwa. Alipovuka mpaka uliochorwa kwa kidole alianza kulia, akakaza mwendo, maana ilikuwa karibu saa ya kukamua.