Bata Mzinga Teodulfo na Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa cha mkataba nilikipenda kuliko vyote. Kilisema hakuna ruhusa ya kutengeneza pinyata ya Teodulfo popote Meksiko, na atakayetengeneza atashtakiwa. Nikasema moyoni, afadhali! Miaka mingi roho ilikuwa ikiniuma kumwona bata mzinga wa baba yangu ametundikwa kwenye kamba, watoto wanamtandika kwa fimbo mpaka tumbo la karatasi linapasuka na peremende zinamwagika.

Baba, Don Abundio, ndiye aliyemchora Teodulfo: bata mzinga mnene, buti zisizofanana, mbishi kwa polisi na padri vilevile. Kila akitishwa anajibu, "Mimi sihami!" Katuni yake ilionyeshwa miaka minne kwenye televisheni, ikasimamishwa mwaka 1986. Tangu hapo Baba aliamini amesahauliwa. Sasa ana miaka themanini na minne, na ombi lake ni moja tu: amwone Teodulfo akitembea tena kwenye skrini kabla yeye mwenyewe hajafumba macho.

Kampuni moja ya midoli ilikuwa tayari kugharamia katuni mpya, mradi Baba atie sahihi mkataba huo wa kuipa leseni ya midoli, mabegi, shuka na madaftari. Mkurugenzi wao, Bwana Garduño, alikuja nyumbani na mchoro.

"Tumefanya utafiti," akasema. "Tuliwaonyesha watoto mia mbili kipande cha katuni ya zamani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Kwa hiyo tumemfanya wa kisasa."

Nikatazama. Loo! Bata mwembamba, kiuno cha nyigu, raba mbili mpya zinazofanana.

Baba akavua miwani. "Huyu anaumwa nini?"

"Don Abundio, watoto wa leo wanapenda..."

"Mpelekeni hospitali. Huyu si wangu, na sahihi sitii."

Garduño akatupa mpaka Jumatatu, la sivyo fedha zinakwenda kwa katuni ya mtu mwingine. Mlangoni akaninong'oneza: nikapige picha mafundi wanaomwiba Teodulfo, wanasheria wake wapate pa kuanzia. Kwa hilo sikuhitaji kubembelezwa.

Jumamosi nikaenda soko la La Merced, kwenye karakana ya Mama Encarnación, mwanamke wa makamo mwenye gundi ya unga mpaka viwikoni. Teodulfo saba walining'inia darini. Wanene vilevile. Hata kiraka cha buti la kushoto hakikusahauliwa.

"Unajua huyu ni mali ya watu?" nikamtolea uvivu.

"Najua. Wa Don Abundio. Yu hai bado?"

"Yu hai! Na nyinyi mnamdhalilisha, bata wake kupigwa fimbo kila Jumapili!"

Mama Encarnación akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Weee, binti! Umekulia wapi, mwezini? Mtoto wa huku siku yake ya kuzaliwa anaomba pinyata ya nani? Ya asiyempenda?"

Hasira zikanipanda zaidi. Nikatoa simu, nikamwonyesha bata wa Garduño, nikamweleza ndivyo bosi huyo anavyomtaka Teodulfo. "Huyu unaweza kumtengeneza?"

"Mwembamba hivi peremende nitazitia wapi?" Akakuna kichwa. "Kesho mjukuu wangu Yaretzi anatimiza miaka sita. Nitawatundika wote wawili. Mlete huyo bosi, umlete na mzee."

Swali lake halikunipa usingizi, nikawaleta. Uani kulikuwa na watoto kama thelathini, tamale za unga wa mahindi zinafuka mvuke, bata wawili wametundikwa bega kwa bega, kila mmoja na kilo tatu za peremende.

"Tunaanza na yupi?" Mama Encarnación akauliza.

"Teodulfooo!" Thelathini kwa pamoja.

Yaretzi akafungwa kitambaa machoni, akapewa fimbo. Kila pigo lilipomkosa bata, watoto wote walimjibia: "Mimi sihami!"

Garduño akashtuka. "Neno hilo wamelijulia wapi?"

"Kwa mama zao, nao walilisikia kwetu tulipokuwa tunapiga pinyata sisi," akajibu Mama Encarnación.

Teodulfo alipopasuka, ilikuwa vita. Hawakugombea peremende tu, waligombea kichwa, mabawa, buti. Yaretzi akaondoka na kichwa amekikumbatia.

"Rudini, bado mmoja!" bibi yake akaita.

"Huyo simjui, bibi," akasema Yaretzi, wakatimkia kwenye keki. Nakuapia, watoto wa Meksiko wakaacha kilo tatu za peremende juu ya kamba! Garduño akabaki peke yake chini ya bata wake. Nilikaribia kumwonea huruma, lakini sikufika.

"Uliwauliza kuhusu televisheni," nikamwambia. "Ungewauliza kuhusu sherehe zao."

Baba akamgeukia Mama Encarnación. "Mnamtengeneza tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule katuni ilipozimwa, Don Abundio. Watoto walilia, mama yangu akaanza. Hatujawahi kupumzika."

Baba akanitazama. "Brígida, wewe ulijua?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila tulipopita La Merced nilimwambia dereva azunguke, Baba asione. "Nilijua, Baba. Nilidhani utaumia. Nisamehe."

Machozi yakamshuka, halafu akaangua kicheko. "Mjinga mkubwa wewe! Miaka yote hii najililia, kumbe watoto wako nami kila Jumapili!"

Garduño akatoa mkataba mkobani bila kuambiwa, akakifuta kifungu cha tisa kwa mistari miwili, akaandika pembeni: abaki mnene.

"Bado," Baba akasema. "Leseni namba moja iwe ya mama huyu na pinyata zake."

"Lakini namba moja ni ya midoli..."

"Namba mbili haiumi, Bwana Garduño," nikamwambia. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Akaandika. Baba akatia sahihi juu ya meza ya keki, herufi kubwa. Watoto waliposikia huyu ndiye mwenye Teodulfo, wakamvamia: "Babu, nichoree! Na mimi, babu!" Akachora kwenye sahani za karatasi mpaka zikaisha zote, na keki tukaila kwa mikono.