Pedali ya Kushoto

Baiskeli ya marehemu mama ilikuwa imekaa stoo miaka minne, imefunikwa shuka, pedali ya kushoto imevunjika. Ijumaa hiyo kaka yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu hakosi jibu, akamwambia baba kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu atapita saa sita mchana. Nikawaka! Mama alizunguka mji mzima na baiskeli ile akisuka watu nywele. Kazi yake nimeirithi mimi, nazunguka kwa miguu mpaka visigino vimepasuka, halafu leo waiuze kama chuma chakavu?

"Ikitembea kabla mnunuzi hajafika," baba akasema, macho hayatoki kwenye gazeti, "ni yako."

Saa nne na nusu nikaitoa uani. Pedali mpya nilikuwa nayo, kilichobaki ni kufungua ile mbovu. Kazi ya dakika mbili. Dakika mbili, wapi! Niliweka spana nikasukuma kushoto, kama mtu anavyofungua chupa. Haikutikisika. Nikaimwagia mafuta ya taa, ikanitazama tu. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, na uzito Mungu hakuninyima. Spana ikateleza. Nikaenda chali, makalio ndani ya beseni nililokingia mafuta machafu.

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, si ungeita mwanaume?"

"Haya, njoo, mwanaume."

Akavua shati. Akavuta kushoto mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akatangaza kwamba imeoza, haifunguki milele. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nikakaa chini na gauni langu lililolowa, machozi yananilenga, sijui ya hasira au ya mama.

Pale chini nikawa naitazama baiskeli kwa mbele, kama ninavyomtazama mteja kwenye kioo. Vidole vikaanza kucheza vyenyewe. Nikisokota nywele, upande wa kulia nasokota hivi, wa kushoto nageuza mkono, la sivyo kichwa chote kinaenda mshazari.

"Je, kama na hii ya kushoto skrubu yake imegeuzwa?"

"Skrubu ni skrubu, dada."

"Hebu nipishe."

Nikasukuma kulia. Pedali ikalia kwii, ikalegea. Jamani! Saa nzima tulikuwa tunaikaza! Nilipiga kelele majirani wakachungulia. Mpya nikaifunga kwa kuigeuza kushoto, ikaingia laini kabisa.

Mnunuzi alinikuta natoka getini, nanuka mafuta ya taa, kengele naipiga bila sababu.

"Chuma chakavu kiko wapi?" akauliza.

"Kile pale, hakijavaa shati."

Nilizunguka mtaa mara mbili. Niliporudi, baba alikuwa amesimama mlangoni, gazeti limeanguka miguuni pake.

"Mama yako naye alikaa kwenye beseni hilohilo," akasema.

"Kumbe ulikuwa unajua inafunguka kulia!"

"Nilijua."

"Ukanyamaza, baba? Mimi nalia pale?"

"Yeye nilimwambia. Alininunia wiki nzima. Alisema alibakiza kidogo tu aipate mwenyewe, nikamharibia." Akafuta macho kwa kiganja, wala hakujificha. "Panda tena, mwanangu. Nikuone."