Ini la Mwenye Mimba

Ulayu alipiga magoti juu ya kadibodi jikoni, akampasua sili, mnyama wa bahari ya barafu, ambaye mwanawe alikuwa ametoka kumbwaga hapo. Mvuke ukapanda. Mkwewe Siasi, na tumbo lake kubwa, alikwisha kaa karibu akisubiri. Ini la kwanza, likiwa bado na joto, ni la mwenye mimba, na hakuna nyumba kijijini inayobishana juu ya hilo. Tangu juzi walikuwa wakishindia chai na mkate wa kukaanga.

Fairley, mtafiti kutoka kusini, aliingia na sanduku lake la barafu. Buti hakuvua.

"Nusu ya ini, mama, kama kawaida."

"Kawaida yako. Majibu ya mwaka jana yako wapi?"

"Bado yanapitiwa."

"Mwaka mzima? Wanayasoma au wanayalamba?"

Siasi akacheka. Fairley hakucheka.

Ulayu aligeuza ini mwangani. Lenye madoa angelitupia mbwa bila kumuuliza mtu. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Hili lilikuwa jekundu, laini, zuri. Lakini zebaki, sumu aliyokuwa akiipima Fairley, haina doa wala harufu. Hutoka kwenye moshi wa viwanda vya watu wengine, watu wasiojua hata kama yeye yupo, na mafunzo ya mama yake yaligotea hapo.

"Basi niambie kwa mdomo tu. Huyu ale, asile?"

"Siruhusiwi kusema kabla ripoti haijatoka."

"Ripoti ambamo mnaniita mshirika?"

"Ndiyo, mama. Na tunakushukuru sana."

"Nishukuru kwa kula." Akakata kipande, akamnyooshea. "Haya, mshirika. Kula."

Fairley alikitazama kile kipande. "Nimeshakula nilikofikia."

"Mwaka wa tatu huu unakuja hapa umeshiba!"

Fairley akainamia sanduku lake, na Ulayu akawa amepata majibu yake. Akamgeukia mkwewe.

"Usile, mwanangu."

"Nile nini basi, Mama?"

Kabati lilikuwa wazi. Majani ya chai, chumvi, unga kidogo chini ya mfuko. Siasi akakichukua kile kipande mkononi mwa Ulayu, akala huku amemkazia macho Fairley, kisha akanyoosha mkono apewe kingine.

Ulayu akaikata nusu ya mgeni, akaishika ili amtupie atoke.

"Acha, acha!" Fairley alimwahi, akivaa glavu nyeupe. "Usiiguse kwa mkono mtupu, mama. Utaichafua."