Saizi ya Tairi la Nyuma

Kwa miaka thelathini mkaguzi wa mizani alikuwa akiingia madukani bila kubisha hodi, na wenye maduka walipomwona na sanduku lake la mawe ya kupimia walijikaza kama wanafunzi waliosikia kengele. Hakupata kumpunja mtu, wala kumvumilia aliyepunja. Hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Kipimo, na jina hilo hakulichukia.

Asubuhi hiyo aliisukuma pikipiki yake kuukuu hadi kwa fundi aliyeitwa Spana. Ilikuwa imefungiwa stoo miaka kumi na mmoja. Sasa alitaka iwake tena, kwa kuwa binti wa mdogo wake alikuwa ameajiriwa na zahanati kupeleka chanjo vijijini. Angempa pikipiki hiyo, na kwa zawadi hiyo ukoo mzima ungeelewa kwamba amemsamehe baba wa binti huyo.

Maana mdogo wake ndiye aliyeiangusha. Naye zamani alipeleka chanjo za zahanati ile ile, kwa pikipiki hiyo hiyo aliyoazimwa na kaka yake. Alianguka kwenye kona, sanduku la chanjo likapasuka, mguu ukavunjika mahali pawili. Mganga mkuu alipouliza kulikoni, Kipimo aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe: ndugu yangu ni mzembe, na undugu hautanizuia kusema kweli. Mdogo wake akaachishwa kazi. Tangu hapo wawili hao walisalimiana misibani tu.

"Nataka matairi mapya, la mbele na la nyuma," Kipimo alisema, akitoa kikaratasi mfukoni. "La nyuma nimelinakili tarakimu kwa tarakimu: mia na kumi, tisini, kumi na nane."

Spana alikisoma, akaitazama pikipiki, akakisoma tena.

"Mzee, umenakili vizuri. Tairi lenyewe ndilo linalosema uongo."

"Uongo gani?"

"Pikipiki za umri huu zilikuja na saizi za inchi. Nyuma ni tatu, kumi na nane. Kwa hesabu ya siku hizi, tisini, tisini, kumi na nane. Hili lako, upana mia na kumi, ni la pikipiki kubwa. Rimu ni kumi na nane, ndiyo maana likaingia. Lakini limebanwa kama bwana harusi aliyeazima suti ya mtoto."

"Tairi nene ndilo imara," Kipimo alisema, na papo hapo akaisikia sauti yake ya miaka ile. Alilichagua yeye. Muuzaji alikuwa ameuliza ni la pikipiki gani, naye akamkatiza: lete hilo nene.

Spana alilala chali kwenye kigunia, akafuta kutu kwa tambara. "Piga magoti, mzee, uone."

Upande wa ndani wa chuma kinachoshika gurudumu la nyuma palikuwa na mfereji, upana wa kidole gumba, laini kama kingo za bakuli.

"Ukipakia mzigo, ukiinama kwenye kona, tairi linasugua hapa na kushika breki bila ruhusa yako," Spana alisema. "Aliyekuwa akiiendesha, yu hai?"

"Yu hai."

"Basi amshukuru Mungu."

Kaka, inagusa nyuma. Nikipakia sanduku, kwenye kona inagusa. Mara tatu mdogo wake alimwambia hivyo, na mara ya tatu Kipimo alijibu mbele ya mama yao: "Kinachogusa ni mkono wako mbovu." Yeye aliyepima jiwe la kila muuza sukari mjini hakupata kuinama kupima tairi lake.

Alisubiri hadi matairi mapya yakafungwa. Kisha alilitia begani tairi kuukuu, akapita nalo barabara kuu saa sita mchana, watu wakimtazama, hadi kwenye kibanda ambamo mdogo wake alishona viatu, mguu mbovu ukiwa umenyooshwa juu ya kasha.

"Kaka. Leo umekuwa mchukuzi?"

"Lilikuwa tairi," Kipimo alisema. "Halikuwa mkono wako. Nimeona alama."

Mdogo wake alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Niliiona siku ile ile. Nilikuwa nimelala chini, pua yangu karibu na chuma."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara tatu, kaka, kabla sijaanguka. Ya nne ungeisikia?"

"Nitamwandikia mganga mkuu," Kipimo alisema. "Nitaifuta barua ile."

"Tulimzika mwaka juzi. Ulisimama upande wa pili wa kaburi."

Kweli, alisimama. Tairi lilikuwa zito begani, na hakujua aliweke wapi.

"Liweke chini, na wewe ukae," mdogo wake alisema. "Umesimama kama mtoza ushuru. Na hiyo pikipiki ninayosikia utampa binti yangu, umeifunga tairi la saizi gani?"

"Tatu, kumi na nane. Nimepima mara mbili."

Mdogo wake aliweka sindano chini, akaivuta fimbo yake kutoka chini ya meza.

"Nitakwenda nipime mwenyewe."

Kwa miaka thelathini hakuna aliyemwambia Kipimo neno kama hilo, na kama angekuwapo, asingerudia. Alilitazama lile goti lisilokunjika, likijitayarisha kuinuka.

"Twende, mdogo wangu," alisema. "Upime."