Makopo Mawili ya Unga

Ukungu uotao kwenye vyakula una utani mbaya, jamani. Kuna wa kijani usiomdhuru mtu, na kuna pacha wake, kijani vilevile, anayetoa sumu ya kuua. Utazame kwa hadubini mpaka macho yakutoke, hutajua yupi ni yupi. Ndiyo maana dada mkubwa, ambaye kutambua ukungu ndiyo kazi inayomweka mjini, hakuwa akiyaamini macho yake hata kidogo.

Safari hii kazi ilitoka nyumbani. Mtoto wa mdogo wake, kasichana kenye maneno kama chiriku, alikufa kwa sumu ya ukungu. Daktari alisema ni unga. Na unga aliokula ulichanganywa kutoka makopo mawili: la bibi yake na la mama yake mwenyewe. Mdogo mtu hakungoja kipimo. Palepale msibani alimnyooshea mama yao kidole: "Unga wako ndio ulioniulia mwanangu!" Tangu siku hiyo hata salamu hawapeani.

"Nipimie, mwanangu," mama alimwambia dada mkubwa, akampa kopo lake. "Kama ni mimi, usinifiche." Mdogo mtu naye alitoa lake, shingo upande.

Unga ulikuwa umekwisha, limebaki vumbi tu. Dada akaotesha ukungu uliokuwa kwenye vumbi hilo. Fundi wa mashine akabandika namba badala ya majina, kama wafanyavyo siku zote, ili mpimaji asije akapendelea. Mashine ikachora kemikali zilizomo. Kompyuta ikalinganisha na za ukungu mwingine uliokwisha kujulikana, ikakusanya ndugu kwa ndugu. Kwenye kioo yakatokea mafungu mawili ya nukta, kila nukta ukungu mmoja: wasio na madhara kushoto, wauaji kulia. Nukta moja mpya ikaangukia kushoto. Nyingine ikatua katikati kabisa ya wauaji.

"Hii ya kulia ni ya nani?" dada aliuliza, roho juu.

Fundi akatazama namba. "Ya mdogo wako. Pole sana."

Dada alikaa chini. Aliona aibu kwamba kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha: mama yake hakuua. Furaha yenyewe haikudumu.

Mama alipoambiwa alijifuta macho kwa kiganja.

"Umeshamwambia mwenzio?"

"Bado."

"Basi mwambie ni kopo langu."

"Mama! Hujafanya kitu wewe. Atakuchukia mpaka kufa."

"Na anichukie. Mimi nitaweza. Yeye akijua, hatamaliza mwezi. Namjua, nimemzaa mimi."

Dada alikuwa hajapata kusogeza nukta hata moja maishani mwake. Siku hiyo alisogeza moja, kwa mdomo. Alikwenda kwa mdogo wake, akasimama mlango wa jikoni, akapiga moyo konde: "Ni kopo la mama."

Alitegemea matusi. Mdogo wake aliteremka sakafuni, akaangua kilio. "Nilidhani ni mimi, dada. Siku zote hizi nilidhani ni mimi!"

Dada alimshika mpaka usingizi ukamchukua, hapohapo jikoni.

Jioni alimkuta mama anangoja kitini, amevaa viatu, mkoba mapajani, labda ataitwa.

"Amesemaje? Ameniulizia?"

"Amelala, mama."

"Afadhali," mama akasema. Akavua viatu, akaenda kuutundika mkoba wake.