Zawadi Juu ya Jeki

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mstaafu mmoja aliitembeza habari ya pikapu yake kwa ukoo mzima, hadi kwa wakwe ambao hawakuuliza: anampa binti yake bure, kwa moyo mkunjufu, ahamie nayo yeye na wanawe wawili kwenye kituo kipya cha kazi, ng'ambo ya ule mlima wenye kona. Ungekuwa wema mtupu, kama si wiki nzima aliyojilaza chini ya gari na brashi na kopo la rangi nyeusi. Penye kutu alipaka. Penye tundu alisokomeza gazeti, kisha akapaka. "Gari ni matunzo," alijiambia, na mtu anayejidanganya mwenyewe hakosi wa kumwamini.

Binti naye, badala ya kushukuru na kuwasha gari, akaipeleka gereji. Baba mtu akafuatana naye, amenuna. Tangu lini zawadi ikakaguliwa?

"Gari hii miaka kumi na miwili haijaguswa na spana," alimtambia fundi, mwanamke mwenye grisi hadi viwikoni.

"Inaonekana, mzee," fundi alijibu, akaipiga jeki.

Alianza na boliti inayoshika springi ya nyuma. Aliimwagia mafuta, akangoja, akaigonga kwa adabu, akangoja tena.

"Tia nguvu, fundi! Hicho ni chuma cha zamani!" mstaafu alidakia.

Fundi akashika spana, akavuta kidogo tu. Boliti ikakatika kama biskuti.

"Umeivunja!"

"Nimeigusa tu, mzee."

Kisha akaanza kugonga fremu kwa nyundo ndogo. Ngo, ngo, ngo, halafu nyundo ikazama. Ilipotoka, ilitoka na kipande cha gazeti, ukurasa wa michezo.

Binti alikipangusa, akakisoma. Mechi zenyewe zilikuwa za wiki iliyopita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia baba yake jasho. Kelele angezimudu, maana alizipiga mwenyewe ofisini miaka thelathini.

"Fundi, tia boliti yoyote itakayoingia, uishushe," binti alisema. "Baba ataivusha mlima. Mimi na watoto tutapanda basi." Akamnyooshea baba yake ufunguo. "Ukifika salama, baba, zawadi nimeipokea."

Mstaafu aliutazama ufunguo. Alizifikiria zile kona, moja baada ya nyingine. Akasingizia macho, akasingizia magoti, akasingizia presha, na ufunguo ulikuwa bado palepale mbele yake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi.

"Mwanangu, hii mimi sipandi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Itaniua."

"Na wajukuu zako," binti aliuliza, "ulikuwa umepanga wakae mbele au nyuma?"