Mshumaa wa Kuombea Radhi

"Hodi hapa!"

Eufrasia hakuitika. Mkononi alikuwa na kibuyu cha nta iliyoyeyuka, na tambi zilikuwa zimening'inia kwenye pete ya mbao zikimsubiri. Ukisita katikati ya kumwaga, mshumaa unatoka na nundu. Akamwagia wa kwanza, akazungusha pete, akamwagia wa pili, mpaka mzunguko ukaisha. Ndipo akageuka akamwona Wenceslao, baba wa kijana aliyemtorosha binti yake, amesimama uani kofia mkononi.

"Umekuja mikono mitupu," akamwambia.

"Nimekuja na shida, Mama Zenaida."

"Shida unayo wewe? Aliyeondokewa na mtoto ni mimi."

Zenaida, mwanawe wa pekee, alitoroka na Rutilio kabla ya mavuno ya mahindi. Hilo si ajabu. Kwetu nusu ya ndoa huanza kwa kutoroka, tena hata Eufrasia mwenyewe alitoroka enzi zake. Lakini lazima upande wa kijana uje kuomba radhi, na mikate, na chokoleti, na mishumaa ya nta ya nyuki yenye kimo cha mtoto wa shule, imejaa maua ya nta. Kabla ya hapo binti hakanyagi kwa mama yake, wala mama hakanyagi huko alikokwenda binti. Basi Eufrasia alikuwa akila chapati zake za mahindi peke yake, akizungumza na bata mzinga wa uani. Mwanzoni alimfokea tu. Siku hizi alikuwa akimuuliza ameamkaje.

"Nataka mishumaa," Wenceslao akasema huku akitazama viatu vyake.

"Ya kumpelekea nani?"

"Ya... ya kukuletea wewe."

"Makubwa haya!" Eufrasia akacheka kicheko kikavu. "Uinunue kwangu, halafu uje unipigie magoti nayo? Umeyaona wapi?"

"Sijayaona popote, mama. Usingizi wenyewe sipati kwa aibu. Juzi nilikwenda mjini Oaxaca. Iko ya kiwandani, bei chee. Na mimi unanijua, bei chee ndiyo yangu: viatu hivi, rangi ninazotilia sufu ya mazulia yangu, hata mlango wa nyumba. Nikausimamisha mmoja pale sokoni juani, ukaanza kuinama mbele ya macho yangu kama mlevi. Nikasema, huu nikimpelekea yule mama, atanichapa nao."

"Ningekuchapa."

"Na ingekuwa haki yangu. Mengine nimezoea kubahatisha, lakini hili la mtoto wa mtu, hapana. Na mshumaa wa kweli unatoka hapa tu. Sasa nifanyeje?"

Kizuri chajiuza, wahenga walisema, ila hawakumwambia Eufrasia cha kufanya kikijiuza kwa mtu kama huyu. Akataja bei.

"Huwezi kupunguza kido..." Wenceslao akajiziba mdomo kwa kofia. "Samahani. Mazoea."

Eufrasia akageuza uso asionekane anatabasamu. Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajibandua nta vidoleni.

"Mishumaa nitakutengenezea," akasema. "Maua siwezi."

"Maua yako yanasifiwa kijiji kizima!"

"Yalikuwa ya Zenaida. Watu walisifu, nami nikanyamaza. Vidole vyangu vimeungua miaka mingi, petali zinatoka nene kama masikio ya punda."

"Basi weka hayo hayo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Wenceslao. Si mimi ndiye nitakayepokea?" Akainuka, akatia kikapuni vinyago vidogo vya mbao vya kuchovya ntani ili vitoe petali, mabonge ya nta nyeupe na ile nyekundu. "Mpe mwanangu ayatengenezee kwako. Nikimaliza mishumaa, utume mtu aichukue, Zenaida ayabandike mwenyewe."

"Nimwambie umesemaje?"

"Usimwambie nimesema kitu." Wenceslao alipofika langoni, Eufrasia akamwita. "Mwambie asiache nta ichemke. Akipiga soga huwa anasahau."

Akaanza kazi. Alianika nta juani hadi ikawa nyeupe, akaiyeyusha, akaimwaga, akaisubiri ipoe, akaimwaga tena. Mishumaa ilinenepa taratibu, na kadiri ilivyonenepa ndivyo roho ilivyomuuma. Alijua vizuri ikikubaliwa nini kitafuata: Zenaida atarudi kwake kama mgeni, atakaribishwa, kisha ataondoka na wakwe zake, awe wao moja kwa moja.

Asubuhi moja wazo baya likamjia. Chini ya meza kulikuwa na bonge la nta ya kiwandani aliloachiwa na mteja. Nusu yake tu ndani ya sufuria, na mishumaa ingelegea juani mlangoni pake, mbele ya watu wote. Angekuwa na sababu ya kukataa, na nani angemlaumu? Labda mtoto angerudi nyumbani. Akaliinua lile bonge, akalinusa. Lilinuka taa ya kibatari. Akalitupa ng'ambo ya ukuta, kisha akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa yule bata.

Walikuja Jumapili, ukoo mzima, jua la utosi. Mishumaa ilitangulia, na haikuinama hata kidogo. Wenceslao, kavaa viatu vipya vinavyombana, akatoa maneno yake na kuyasahau katikati. Zenaida akapiga magoti.

"Mama, nisamehe."

Eufrasia alikuwa ameandaa maneno makali, mengi. "Umekonda," akasema.

"Sijakonda, mama."

"Umekonda. Inuka."

Wakala, wakanywa, wazee wakacheza. Jua lilipoteremka, wale watu wakaanza kuaga, na Zenaida akaaga pamoja nao. Akasema atakuja Alhamisi. Eufrasia akamfunga shali vizuri kama mtoto, akamwachia.

Uani pakawa kimya. Akaingia ndani, akasimama mbele ya mishumaa iliyowekwa kwenye madhabahu ya nyumbani. Yalikuwa maua mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, membamba hadi mwanga ulipenya. Kwenye petali moja nyekundu, pembeni, palikuwa na alama ya kidole gumba cha Zenaida, ndogo, mistari yake yote ikionekana. Akainua kidole chake akiweke juu yake. Lakini mkono wake ulikuwa na joto, na nta ya kweli haikawii kupokea alama mpya. Akakizuia hapo hapo, karibu kabisa, bila kugusa.